Jagi la Kijani

Kila Jumamosi wageni wanapokuja, Kijiko hufunga aproni ya mama yake na kuchanganya vinywaji vya watoto. Jina hilo alipewa na baba yake, maana hakuna kinachopita jikoni bila yeye kukionja. Jagi kubwa huwa la nanasi, chungwa na sukari. Jagi dogo, la kijani, ni la binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye ana kisukari: maji, tango, ndimu, tangawizi na majani ya nanaa, basi.

Jumamosi iliyopita binamu alibakiza nusu gilasi. Jambo hilo lilimkaa Kijiko rohoni wiki nzima. Safari hii alionja la kijani, akakunja uso.

"Hiki hata mbuzi angekikataa," alijisemea.

Akachungulia sebuleni. Mama alikuwa akipanga viti. Akachota sukari vijiko vitano, akakoroga mpaka chembe zote zikapotea.

Punde shangazi akaingia jikoni na kuuliza kama kawaida yake, "Mwanangu, la kijani halina sukari, eti?"

"Halina, shangazi."

Ulimi ulitangulia akili. Shangazi akaenda kumchoma mwanawe sindano, kipimo cha dawa akikikadiria kwa vile alivyojua mtoto atakula na kunywa.

Binamu alimaliza gilasi nzima, akalamba midomo. "Leo umeniweza!" Watoto wakapiga makofi. Sifa ndiyo hiyo aliyoitafuta Kijiko, lakini sasa macho yake yalibaki kwenye jagi. Akisema, ataaibika mbele ya wageni wote, na pengine jiko atanyang'anywa. Asiposema je? Shangazi alikuwa tayari anamimina gilasi ya pili.

"Asinywe!" Kijiko akalidaka jagi. "Nimetia sukari, vijiko vitano. Nilikudanganya, shangazi."

Mama akajishika kichwa. Shangazi hakupoteza muda kugomba. Alimtoboa mwanawe kidole, akasoma namba kwenye kipimo, akampigia daktari simu na kufuata alichoambiwa. Namba zilipanda, zikazidi kupanda. Kijiko aliketi kando ya kochi akilia kimyakimya, hofu imemjaa.

"Mimi nilijua," binamu alimnong'oneza. "Ilikuwa tamu mno. Nilitaka angalau mara moja ninywe kama wenzangu."

Jioni namba zilianza kushuka. Shangazi akashusha pumzi, akawaita wote wawili.

"Nimewasikia mkinong'ona. Mmoja alinidanganya, mwingine alininyamazia, na mwenye kushika sindano ni mimi," alisema. "Sukari ile tungeimwaga palepale jikoni, yakaisha. Uongo ndio ulioifikisha kinywani mwa mwenzako."

"Nisamehe, shangazi. Sitachanganya tena."

"Utachanganya, Jumamosi ijayo. Kikiwa kikali, sema ni kikali, tupunguze ndimu. Penda sifa upendavyo, mwanangu, lakini nikikuuliza, nijibu kweli. Dawa yake naipima kwa maneno yako."