Mkate wa Muhogo wa Sherehe ya Uhuru

Kila Ijumaa baada ya shule, Delisia alimsaidia bibi yake, Ernestin Valmond, kazi ya muhogo mchungu. Bibi alimenya, Delisia alikuna. Kisha muhogo uliokunwa ulijazwa kwenye kifumbu kirefu cha matete, kikaning'inizwa kwenye boriti na kuvutwa kwa gogo ili maji yake yatoke. Maji hayo ni sumu. Nguruwe wa jirani aliwahi kuyalamba na hakuiona jioni.

Ijumaa ile kazi ilikuwa kubwa, kwani kesho yake shule yao hapa kijijini Salybia ingeadhimisha Uhuru wa Dominika, kisiwa chetu cha Karibi. Darasa la sita, darasa la Delisia, lilipewa kazi ya kuwaandalia wageni mkate wa muhogo, na Delisia alichaguliwa kusimulia historia ya kisiwa. Darasa litakaloshinda mashindano ya siku hiyo lingekwenda Roseau, mji mkuu. Delisia aliitaka sana safari hiyo.

Bibi alipokwenda kanisani kusali rozari, alimwagiza asishushe kifumbu mpaka maji yakauke kabisa. Haukupita muda akaja binamu yake Delisia, Faustus, akitafuna pera.

"Wewe kaa hapo na kifumbu chako," alisema. "Wenzako wako uwanjani wanafanya mazoezi. Josette wa darasa lako keshaanza kusoma hotuba yako, na anaisoma vizuri kukushinda."

Delisia alikitazama kifumbu. Kilikuwa bado kinadondosha maji. Akakishusha, akauchanganya muhogo ule na unga mkavu ambao Bibi aliukamua jana yake, ili unyevu usionekane, akakimbilia uwanjani. Bibi aliporudi alimuuliza kama maji yalikauka. Delisia akajibu kwamba yalikauka. Basi wakaoka, na mikate ikatoka myeupe, ya kupendeza.

Kesho yake uwanja ulijaa. Wazee walikaa mbele, akina mama wamevaa sketi za mirabaraba na vilemba, na mikate imepangwa juu ya majani ya migomba. Mwalimu Laronde alimwita Delisia mbele, akamnong'oneza asiharakishe.

Alianza vizuri. Alieleza jinsi Wakalinago, wazee wetu, walivyovuka bahari kwa mitumbwi kutoka bara la Amerika Kusini, wakakiita kisiwa Waitukubuli. Akaeleza jinsi merikebu za Ulaya zilivyokiona siku ya Jumapili na kukipa jina la siku hiyo kwa Kilatini, Dominika, na jinsi Wafaransa na Waingereza walivyokigombania. Akawataja Waafrika walioletwa utumwani, na wale waliotoroka wakaishi milimani bila kusalimu amri, hadi bendera yetu ikapanda mwaka 1978. Wazee waliitikia kwa vichwa kwa fahari.

"Na wazee wetu," akaendelea, "hawakufa njaa, kwa sababu walijua kuuchukua muhogo wenye sumu, wakaukamua kwa subira mpaka..."

 Hapo akamwona mzee mmoja wa mbele amemega kipande, anakipeleka mdomoni.

"Mzee, tafadhali usile," Delisia alisema. "Asile mtu yeyote. Nilishusha kifumbu kabla maji hayajakauka, halafu nikamdanganya Bibi."

Mzee akakirudisha kipande juu ya jani. Kisha Faustus akasema kwa sauti, "Roseau ndiyo basi tena," na wachache wakacheka. Mwalimu Laronde hakucheka. Aliwaomba vijana wachimbe shimo, mikate yote ikafukiwa. Darasa la tano likatangazwa mshindi, na Josette hakumsemesha Delisia siku nzima.

Njiani kurudi nyumbani, Delisia alilia. Bibi alimwacha alie mpaka wakafika kwenye daraja, hapo akasimama.

"Umenitia aibu mbele ya watu, sitakuficha," alisema. "Kesho baada ya misa utakwenda kwa wenzako mmoja mmoja, uwaombe radhi. Lakini yule mzee leo atalala na wajukuu zake, Mungu ashukuriwe, kwa kuwa ulikubali kuaibika. Wazee wetu hawakutuachia kisiwa hiki kwa hotuba, mwanangu. Walituachia kwa kuifanya kila kazi mpaka mwisho, hata pale pasipo mtu wa kuwatazama. Ukivivia kazi, sema mapema. Ukidanganya, anayekula ni mwingine."

Delisia alifuta machozi, akasema, "Nimesikia, Bibi."

Jumatatu, kabla hajaambiwa, alikwenda shambani kung'oa muhogo mwingine.