Cheni Mpya Kwenye Meno Yaliyochakaa

Asubuhi ile nilikuwa nimebeba ndoo mbili za chakula cha kuku, na sare ya shule nimeshavaa. Cheni ya mashine ilikuwa imekatika. Tena.

Mashine yetu si ngumu kuielewa. Mota inavuta cheni. Cheni inazungusha gurudumu la meno, na chakula kinatembea chenyewe kwenye mfereji mpaka mwisho wa banda. Cheni ikikatika, anayetembea ni mimi.

Nilichelewa darasani. Wote wakageuka. Mimi hata kuitika jina langu naona aibu, sasa niingie na pumba kwenye nywele!

"Kuku wamekupa ruhusa leo?" mmoja akauliza. Wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Ukichelewa tena, usije bila mzazi."

Jioni nilimkuta Baba amechuchumaa bandani. Zamani alikuwa fundi baiskeli, kwa hiyo kwenye mambo ya cheni haambiliki. Mkononi alishika cheni nyingine ya pikipiki, inang'aa.

"Baba, si kama ile iliyokatika?"

"Cheni ni cheni. Nenda kasome."

Ningesoma saa ngapi, na ndoo zote hizi? Hilo nililisema moyoni. Mdomoni nilisema, "Ndiyo, Baba."

Akaifunga, akaikaza mpaka ikabana kama waya wa gitaa. Akawasha. Krr! Krr! Pa! Kuku wakarukiana.

"Tumerogwa!" Baba akafoka.

Mama akachungulia mlangoni. "Mchawi gani huyo anayekula cheni tu? Mimi nimechoka. Namwita jirani."

Jirani tunamwita Mama Maziwa. Ana ng'ombe wengi, na anawalisha kwa mashine inayofanana na yetu. Alipofika, cheni hakuitazama hata kidogo. Aliinamia gurudumu.

"Shemeji, hebu shika haya meno."

"Si yapo?"

"Yapo, ila yamechongoka kama kucha za mwewe. Yanaing'ang'ania cheni, hayaiachii. Umeshakata cheni ngapi?"

Baba akakohoa. Mama akainua vidole vyote vya mkono mmoja.

"Makubwa!" Mama Maziwa akasema. "Shemeji, cheni na magurudumu yake vinachakaa pamoja. Badilisha vyote pamoja. Na hii ya pikipiki ni ya barabarani. Humu kuna vumbi la pumba na mvuke wa kinyesi, unakula chuma. Dukani nenda na kipande cha cheni ya kwanza, ile iliyokuja na mashine. Pima kutoka pini hadi pini, pima na upana. Omba cheni nzito ya mashine, yenye mabamba manene na kinga ya kutu."

"Halafu niikaze?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukiibonyeza katikati kwa kidole, icheze kidogo. Ukiikaza kama ulivyofanya, unaiua mwenyewe. Ifute vumbi, ipake mafuta kidogo. Na kabla ya kuishika, zima umeme."

Baba alinuna, lakini alikwenda dukani. Mama alimsindikiza, eti asije akarudi na pikipiki nzima.

Siku hizi mashine inanguruma taratibu. Kuku wanakula wote kwa pamoja, hawadonoani tena. Mimi nafika shule kabla ya kengele, nakaa kwenye kona yangu, na hakuna anayegeuka. Raha iliyoje!

Basi jioni ya leo nikauliza, "Baba, zile cheni zilizokatika ziko wapi?"

"Nimeziunga. Nimempelekea baba yako mdogo. Mashine yake nayo inasumbua."

Jamani! "Meno ya gurudumu lake umeyaangalia?"

Baba akaongeza sauti ya redio.

Nimemwandikia binti wa baba mdogo: "Dada, msifunge hizo cheni. Angalieni kwanza meno ya gurudumu. Mkifunga, ndoo ni zako."

Mpaka sasa hajajibu. Labda simu yake haina chaji. Labda mikono yote miwili imeshika ndoo.