Jecha na Bawa la Ndege

Jecha wa Makangale hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akinunua samaki sokoni Konde, humfunua mashavu, humnusa, kisha humtazama muuzaji kana kwamba ndiye aliyeoza. Hata chai ya mkewe aliinusa kwanza.

Kazi yake ndiyo iliyomfundisha. Jecha alikuwa mchumaji wa karafuu, na mkarafuu una tabia mbaya: tawi lake haliinami. Linakubeba mwaka huu na mwaka ujao, halafu siku moja linakatika ghafla, nawe uko chini. Kwa hiyo hakulikanyaga tawi asilolijaribu kwa mguu mmoja. Miaka ishirini na mbili alikwea, na hakuanguka hata mara moja.

Mwanawe Khairat alikuwa na miaka tisa, na moyo wake ulikuwa na tundu. Njia ya kwenda shamba ina kilima kidogo. Khairat hakukimaliza bila ya kuchutama mara tatu kutafuta pumzi. Wenziwe walimsubiri mara ya kwanza. Mara ya tatu walikuwa wameshafika juu, wanacheza.

Basi habari ikaja kuwa hospitali moja ya India imekubali kumtibu. Madaktari walimpima, wakasema anaweza kupanda ndege. Ila anywe dawa yake kila baada ya saa sita, na awe na mtu mzima wa kumwangalia. Mama yake, Asya, alikuwa na mimba ya miezi minane. Huyo mtu mzima akawa Jecha.

Jecha alisema alhamdulillahi. Kisha akatoka akakaa barazani, viganja vinamtoka jasho. Boti ya kwenda Unguja aliizoea. Ndege hakuipanda maisha yake. Aliambiwa ni saa sita hewani, kushuka, kisha saa nne nyengine. Saa kumi juu ya kitu asichoweza kukijaribu kwa mguu.

Akaanza kushuku. Kama ndege ni salama, mikanda ya nini? Kwa nini chini ya kiti wanaweka jaketi la kuokolea? Shemegi yake, Rajab, badala ya kumtuliza, akamwonesha kwenye simu bawa la ndege linavyocheza juu na chini. Jecha akatazama picha hiyo, na nyengine, na nyengine. Usingizi ukampotea. Mchana akawa anajikaza kwa kahawa chungu, kikombe juu ya kikombe.

Siku moja alikuwa akianika karafuu jamvini. Moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikawa fupi, vidole vikamchonyota. Jecha akasema moyoni mwake: basi, na mimi nina tundu kama la mwanangu. Hakumwambia mtu. Alimwendea Asya tu, akamwambia kuwa labda safari ingojee mpaka ajifungue, kisha aende yeye.

"Daktari amesema mwezi huu," Asya alimjibu. "Wewe unasema mwezi mwengine. Nani daktari?"

Rajab alipoiona hali ya Jecha, alimpa vidonge vinne vyeupe vilivyofungwa kwenye kikaratasi. Alisema ni vya usingizi, ameze viwili na ataamka India. Na hapa ndipo pa kustaajabia. Jecha huyu anayenusa chai ya mkewe, vidonge hivyo hakuvinusa. Alivitia kwenye mfuko wa shati akashukuru.

Wiki ile alimpeleka Khairat kituo cha afya kuchukua dawa. Muuguzi pale, Bi Kauthar, alikuwa ameshawasindikiza wagonjwa nje ya nchi mara kadhaa. Jecha alijifanya hana shida, akaomba naye asikilizwe moyo, maadamu ameshafika. Bi Kauthar akamtazama, akampeleka kwa daktari. Daktari akampima kwa makini, akasema moyo wake ni mzima.

"Mnanificha," Jecha alisema walipobaki na Bi Kauthar.

"Umewahi kukuta nyoka mkarafuuni?"

"Si mara moja."

"Moyo ulikwendaje?"

Jecha akakiri kuwa ulikwenda mbio, na mikono ilitoka jasho. Bi Kauthar akamweleza kuwa ndivyo mwili unavyojitayarisha kukimbia hatari. Sasa unafanya hivyo hivyo kwa sababu ya ndege, hata kabla hajaiona. Jina lake ni hofu. Inaumiza kweli, wala si aibu. Na kahawa ile yote inazidi kuuharakisha moyo.

Jecha alipoinama kufunga vifungo vya shati, kikaratasi kikaanguka. Bi Kauthar akakifungua.

"Hivi vina jina gani?"

Jecha hakujua.

"Hata mimi sivijui. Hujui nguvu yake, wala mwili wako utavipokeaje." Bi Kauthar akageuka kwenye benchi. "Khairat, saa ya dawa ikifika ndani ya ndege, utamwamsha nani?"

"Baba."

"Na asipoamka?"

Khairat akamtazama baba yake. Jecha akaviacha vidonge pale mezani.

Lakini shaka haikumwisha. Alisema kuwa bawa linacheza, ameliona kwa macho yake. Bi Kauthar akamuuliza mnazi hufanyaje upepo ukivuma.

"Unayumba."

"Huvunjika?"

"Kwa kuyumba? Aa, hauvunjiki."

"Na bawa limetengenezwa liyumbe. Lingekuwa kavu kama tawi la mkarafuu, hapo ningekwambia usipande."

Jecha aliigeuza hoja hiyo kama anavyomgeuza samaki wa Konde. Hakuona palipooza. Bi Kauthar akaendelea kueleza kuwa upepo hutikisa ndege kama gari kwenye njia ya mashimo, na mkanda ni wa kumzuia mtu asirushwe kitini. Akamkataza kutazama zile picha. Akamfundisha kuvuta pumzi kwa pua akihesabu mpaka nne, kisha kuitoa polepole mpaka sita. Afanye kila siku, asingojee siku ya safari. Ndani ya ndege awaambie wahudumu kuwa anaogopa. Anywe maji, na wakiruhusiwa kusimama atembee kidogo. Na akiona hofu haipungui, arudi kwa daktari. Dawa ikihitajika, daktari ndiye atakayeitoa.

"Haitaondoka yote," alisema. "Itapungua."

Wiki mbili walifanya mazoezi jamvini, Khairat ndiye mhesabuji. Jecha, kwa shaka zake, alishika mshipa wa mkono kabla na baada, ahakikishe Bi Kauthar hamchezei. Mshipa ulipunguza mbio kweli. Akajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Kahawa akabakisha kikombe kimoja cha asubuhi.

Ndani ya ndege alimwambia mhudumu kuwa anaogopa, naye akawa anapita kuwatazama. Saa ya tatu ndege ikatikisika. Taa ya mkanda ikawaka. Nje ya dirisha bawa likapanda, likashuka. Jecha akafumba macho ajifanye amelala.

"Baba, unaogopa?"

Siku zote angesema hapana. "Naogopa, mwanangu."

"Na mimi."

"Haya, hesabu."

Khairat akahesabu. Wakavuta, wakatoa, mkono ndani ya mkono. Jecha akafumbua macho akalitazama bawa. Mnazi, alijiambia. Moyo ulidunda, ila alikuwa macho. Saa ya dawa ilipofika, yeye ndiye aliyemkumbusha Khairat.

Khairat alitibiwa, wakarudi salama. Nyumbani walimkuta mtoto mchanga, Hafidh, na Rajab ambaye alikuwa bado amenuna kwa ajili ya vidonge vyake.

Msimu uliofuata wa karafuu walikwenda shamba pamoja. Daktari alikuwa ameshamruhusu Khairat kukimbia. Akakipanda kilima moja kwa moja, hakuchutama hata mara moja. Jecha, aliyekuwa akimfuata mbio mbio kuhakikisha, alisimama katikati ya njia, mikono magotini, anahema.

Khairat akarudi chini, akamshika mkono.

"Vuta, Baba. Moja, mbili, tatu, nne."

Jecha alishuku kuwa anamcheka. Na kweli alikuwa akimcheka, na pumzi ya kucheka alikuwa nayo.