Sabuni Laini ya Lovina

Baridi ilipokwisha, Lovina alichemsha sabuni ya mwaka mzima, kama wanawake wote wa Vermont, kule Marekani, enzi hizo. Alichuja maji kwenye pipa la majivu, akayachemsha uani pamoja na mafuta ya nguruwe. Pipa la kwanza la sabuni likajaa. Mafuta yaliyobaki yalitosha pipa moja jingine na ziada kidogo tu. Mapipa yote mawili yakiharibika, hakuna kufua mpaka mwakani.

"Ikoje?" alimwuliza mumewe, Asahel.

Asahel alinawa. Mikono ikamwasha vibaya. Lakini mezani palikuwa na pai ya tufaha, bado haijakatwa.

"Laini kama malai, mke wangu. Hata mama hakuiweza hii."

Lovina alivimba kichwa. Akafua mashati yote. Mikono yake nayo iliwasha, akasingizia maji ya baridi.

Jumapili, kanisani, Asahel alijikuna wakati wa wimbo, akajikuna wakati wa sala. Mchungaji alipotaja moto wa jehanamu, Asahel aliruka kutoka kwenye benchi. Waumini wakadhani ametubu.

Bibi Philura, jirani yao, aliitazama mikono ya Lovina iliyobabuka.

"Lovina, yai lilielea vipi?"

"Yai gani?"

Bibi Philura akafuatana nao nyumbani. Akatia yai bichi kwenye maji ya majivu. Likaelea juu kama bata.

"Makali mno haya. Ongeza maji ya mvua, mpaka yai libakize kipande kidogo tu juu, kama ukucha wa dole gumba. Likizama lote, maji ni hafifu, yapitishe tena kwenye majivu. Na hiyo uliyokwisha kupika irudishe motoni, uiongeze mafuta kidogo."

"Mbona Asahel aliisifu?"

"Kakuvika kilemba cha ukoka huyo. Kakupaka sabuni laini, kama tusemavyo hapa. Msemo umetoka kwenye mapipa haya haya, mwanangu. Sabuni yetu inateleza, ukipakwa unasikia raha. Na msifu watu ndivyo anavyokupaka, mpaka apate anachotaka." Akamgeukia Asahel. "Wewe ulitaka nini?"

"Pai," alisema Asahel, akijikuna.

Safari hii Lovina alipima kwa yai kwanza. Pipa la pili lilipojaa, akamwita mumewe.

"Ikoje?"

Asahel alinawa, akasubiri kidogo.

"Haiwashi. Uchafu unatoka. Ila inanuka nguruwe."

Lovina akamsogezea pai mpya. "Na pai hii?"

Asahel alionja. Akamtazama mkewe kwa hofu.

"Sukari haitoshi."

Lovina naye akaonja. Kweli, haikutosha. Akamkatia kipande cha pili.