Aliyetangulia Kutua

Ndege ilitua kabla chai haijapoa.

Mpimaji aliinua macho kutoka kwenye mizani yake ya mizigo. Kati ya uwanja wao mdogo na ule wa mji wa pili kuna dakika arobaini za angani, upepo ukiwa na huruma. Mumewe, rubani wa ndege ya vifurushi, alizikata kila asubuhi akiwa peke yake. Na Bi Sauti, mama wa redio wa kule, ndiyo kwanza alikuwa amemwambia, "Mwenzangu, mumeo karuka sasa hivi. Mwandalie kitu, katoka hapa na njaa."

Sasa hivi gani hiyo?

Rubani alikuja akitabasamu. Mpimaji akampita, akaenda kugusa pua ya ndege. Injini ilikuwa baridi kama jiko la nyumba iliyohamwa, na ilinuka nywele zilizoungua.

"Umepitia wapi, baba watoto?"

"Juu."

"Huko juu siku hizi kuna njia ya mkato?"

Alicheka. Kicheko kilitoka kwanza, midomo ikafuata.

"Haya, panda nikupime," mpimaji akasema. Ndege ndogo haitaki mchezo na uzito. Kila anayeruka hupimwa, rubani naye. Kilo sabini na mbili za mumewe alizijua kama anavyokijua kikohozi chake. Akapanda bila ubishi, yeye ambaye kila siku hulalamika kwamba mizani inamwonea.

Mshale haukutikisika; ulibaki kwenye sifuri.

Redio ikakwaruza. "Uwanja, niko nusu ya njia. Mama watoto, upo? Mizani yako ya uongo imeamka?"

Mpimaji akaigeukia redio, maana sauti ile ilikuwa ya mumewe, na uso uliokuwa ukimwinamia begani ulikuwa wa mumewe, na pumzi iliyomgusa shingoni haikuwa na joto la kiumbe yeyote aliyewahi kulala naye, kula naye, kugombana naye.

"Mwambie arudi," kilinong'ona kile kitu chenye uso wa mumewe. "Mimi nimefika kwanza."

Kidole cha mpimaji kilitafuta kitufe cha redio, kikateleza, kikarudi. "Njoo, baba watoto. Njia iko wazi. Njoo utue."

"Basi," kilisema kile kitu, bila hasira. "Nimechoka kutangulia. Nitafuatana naye."

Alipogeuka, hapakuwa na mtu wala ndege. Harufu tu.

Dakika zilizobaki zilitambaa. Ndege ikatua kwa wakati wake, injini ikifuka joto. Mpimaji akamkumbatia mumewe mbele ya vifurushi, akanusa jasho lake, akalia.

"Makubwa! Kuna nini?"

"Panda."

"Kumbe unanikumbatia ili unipime!" Akapanda akinung'unika. Sabini na mbili. Mpimaji akacheka, machozi yakimtiririka.

"Umeridhika? Nipe chai." Mumewe akashuka, akaenda zake.

Harufu ya nywele zilizoungua ikarudi. Juu ya mizani tupu, mshale ulibaki pale pale, kwenye sabini na mbili.