Guta Lililokwama Mlimani

Kila asubuhi Baba Pacha na mkewe walipeleka mashuka safi hospitalini, juu ya kilima. Waliyafua na kuyapiga pasi wenyewe. Guta lao la umeme, lenye magurudumu matatu, liliyabeba.

Wiki hiyo guta lilianza vituko. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likifika katikati ya mlima, linazima. Baba Pacha alishuka akasukuma, jasho likimtiririka. Huko juu wagonjwa walisubiri kwenye magodoro matupu.

“Tulinunua guta litubebee mzigo,” alisema Mama Pacha. “Sasa wewe ndiye unalibeba!”

Baba Pacha alicheka shingo upande. Mchana alirudi na betri ya tano, aliyoazima kwa kaka yake.

“Betri zetu nne zinatoa volti arobaini na nane. Nikiongeza hii, tunapata sitini. Tutapaa!”

Jirani yao, fundi wa mota aliyeitwa Mama Waya, alikuwa akifagia mlangoni kwake. Alitupa ufagio.

“Shemeji, ngoja! Utaunguza kidhibiti, kile kisanduku kinachogawa umeme kwenda kwenye mota. Hakikutengenezwa kwa volti sitini.”

“Lakini volti si ndiyo nguvu?”

“Volti zinahusu kasi zaidi kuliko nguvu. Zikipanda, mota inaweza kuzunguka haraka. Nguvu ya kuzungusha gurudumu lenye mzigo inatokana na mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Mlimani mota huvuta mkondo mkubwa.”

“Mbona basi linazima?”

“Tukapime, tusikisie.”

Mama Waya alifunga kipima volti pale umeme unapoingia kwenye kidhibiti. Walipakia mzigo wakaondoka. Mama Pacha alisoma kwa sauti.

“Arobaini na nane… Tunapanda. Arobaini na tatu… Mungu wangu, thelathini na tisa!”

Guta likazima.

“Umeona? Kidhibiti kikikuta volti zimeshuka mno, kinakata umeme.”

Mama Waya alizima swichi kuu. Alisogeza mkono karibu na viungo vya nyaya za betri. Kimoja kilikuwa cha moto. Nati ilikuwa imelegea, na kutu ya kijani imeota.

“Umeme unapita hapa kwa taabu. Mkondo ukiwa mdogo, hasara ni ndogo. Mkondo ukiwa mkubwa, volti nyingi zinapotea hapa na kugeuka joto.”

Alisugua kutu, akakaza nati.

“Kila mwezi zima swichi, kagua, kaza. Na betri ya watu irudishwe!”

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alishika usukani. Katikati ya mlima, Baba Pacha aliruka chini kwa mazoea ili asukume. Guta halikumngoja. Lilipanda taratibu bila kusita, kipimo kikionyesha arobaini na sita.

Muuguzi alipokea mashuka, akatazama saa.

“Leo mmewahi! Mzee yuko wapi?”

“Anakuja,” alisema Mama Pacha akicheka. “Kwa miguu.”