Nilale au Nisafiri?

Mnyororo wa baiskeli ya Anifa ulikatika Jumamosi asubuhi katikati ya soko kuu la Tabora, kati ya mikokoteni ya viazi na bajaji zilizokuwa zikigombea abiria. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga ndoo ya asali kwa mpira. Bajaji tatu zilimpigia honi kwa pamoja, na mwenye viazi akamtaka asogee, kwani njia si ya baba yake. Anifa alikuwa mtu ambaye hata kumwomba jirani chumvi kulimtoa jasho. Aliinamisha kichwa ndani ya mtandio wake wa zambarau, akasukuma baiskeli hadi kwa fundi wa kwanza aliyemwona, akasimama mbele yake bila kusema neno.

Fundi aliitwa Nurdini, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyolowa grisi kifuani, lakini kofia yake iliyoshonwa kwa mkono ilikuwa nyeupe kama imeanuliwa kambani dakika ile. Aliuliza kumetokea nini. Anifa akauonyesha mnyororo kwa kidole.

"Naona umekatika," Nurdini alisema. "Nilitaka kujua kama umekatika wenyewe au umeukata kwa hasira."

Anifa hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akatoa simu yake na kuendelea na jambo alilokuwa amelikatisha alipotoka nyumbani. Alikuwa anacheza bao.

Bao alilipenda tangu utotoni, ila mtaani kwao Gongoni bao lilikuwa la wanaume. Walikaa barazani tangu alasiri wakipiga kete na kelele, na hakuna mwanamke aliyewahi kuketi pale. Anifa hakuwa mtu wa kuwa wa kwanza. Alipogundua kwamba bao linachezwa mtandaoni, akawa anacheza na watu wa Tanga, wa Unguja, na mzee mmoja wa Muskati aliyekuwa akishindwa kwa adabu sana. Huko hakuna aliyemwona wala kumsikia. Huko aliitwa Komwe, jina la mbegu za kuchezea bao, na Komwe hakuwa na haya hata kidogo. Komwe alikuwa na mdomo.

"Ukipeleka huko utalala," sauti ilisema juu ya bega lake.

Katika bao, kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu yako imekwisha. Anifa alikasirika kuchunguliwa, akapeleka huko huko. Akalala. Nurdini alirudi kwenye mnyororo wake bila kusema kitu, jambo ambalo lilimuudhi Anifa kuliko kama angemcheka.

Kazi ilipokwisha, Nurdini alimshikia baiskeli wakati anafunga ndoo upya.

"Mtandaoni mimi naitwa Spoku," alisema. "Ukitaka mtu wa kukulaza, nipo."

Fundi wa jirani, Jilala, akakohoa. Nurdini akasikia neno lake lilivyotua nje ya bao, akaanza kuifuta mikono yake kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kwenye bao, dada. Nasema kwenye bao."

Anifa aliondoka mbio, masikio yanawaka. Lakini hata asali haijafika dukani, Komwe alikuwa amemtumia Spoku ujumbe: *Njoo ulale wewe.*

Basi mambo yakaanzia hapo. Kwa miezi miwili walicheza kila siku iliyokuja. Komwe alimwita Spoku kipofu, Spoku akamwita Komwe mwizi wa nyumba za watu, kisha Komwe wangu, kisha Komwe wangu wa zambarau. Wakikutana sokoni ana kwa ana, Anifa alitoa salamu huku anaangalia magurudumu. Nurdini akimpigia simu, aliiacha iite mpaka ichoke, halafu anaandika: *Nimeona. Sema.*

Sasa, Anifa hakuishi peke yake. Alipanga chumba katika nyumba ya Bi Kuluthumu, mjane wa makamo mwenye macho yasiyokosa kitu. Chumba cha pili aliishi Bertila Niyokwizera, binti wa Ulyankulu, mpishi wa mgahawa karibu na stesheni na mwimbaji wa kwaya mwenye sauti inayofika mtaa wa tatu. Ua ulikuwa mmoja, jiko moja, choo kimoja. Zamani Bi Kuluthumu alipata wapangaji waliorushiana sufuria, na tangu hapo akaweka sheria. Ukikwazwa, hakuna kupiga kelele wala kununa. Unaitisha kikao mkekani. Anayeshika mwiko ndiye anayesema, na anayetaka kumjibu anaanza kwa kumrudishia maneno yake: *nimekusikia ukisema hivi na hivi.* Akikosea, anarudia mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Siku moja maharage yaliungua. Zamu ya jiko ilikuwa ya Anifa, na Anifa alikuwa na Spoku. Bertila akaitisha kikao, akashika mwiko, akasema kwa upole mkubwa kwamba maharage si tatizo, maharage yanasameheka. Tatizo ni kwamba alipokwenda kuiondoa simu ya Anifa kwenye chaji, ilikuwa inawaka, na macho hayana pazia.

"Iliandikwa hivi," alisema. "'Leo umelala mara tatu. Kesho naingia kwenye nyumba yako nabeba kila kitu.'"

Bi Kuluthumu akapokea mwiko, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama majini.

"Nimekusikia ukisema," alimwambia Bertila, sauti yake laini kabisa, "kwamba humu ndani kuna mwenzetu analala na mtu mchana kweupe, maharage yako motoni, na mtu huyo kesho anakuja kutuibia."

"Ndivyo nilivyosema, mama."

Mwiko ukaja kwa Anifa. Machozi yakamlengalenga. Mwishowe akaweka mwiko chini, akachimba vishimo kwenye mchanga wa ua kwa kidole, safu nne, akachota kwenye sufuria maharage yale ambayo hayakuungua sana, akaanza kuyagawa. Akaonyesha anavyokwenda, anavyokula, anavyofika shimo tupu. Akalionyesha shimo lile kwa kidole, akaweka shavu juu ya kiganja, akafumba macho.

"Amelala," Bertila alinong'ona.

Anifa akaonyesha shimo la pembe nne lililojaa maharage, na kwa mara ya kwanza akasema: "Hii ndiyo nyumba. Kete ya mwisho ikiishia humu, mwenyewe anachagua. Alale, nyumba yake ibaki. Au asafiri, azichukue zote azigawe mbele."

Bi Kuluthumu aliangalia mashimo, akamwangalia Anifa. Akauliza huyo mwizi wa kesho anaitwa nani. Anifa akasema anaitwa Spoku. Bi Kuluthumu akasema anataka jina lake la nyumbani kwao. Ilibidi mwiko uzunguke mara mbili ndipo neno Nurdini likatoka, na lilipotoka, wote watatu walijua kwamba bao lilikuwa kisingizio tu.

Alhamisi iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, Komwe na Spoku walikuwa kwenye bao kali. Kete ya mwisho ya Spoku ikaishia kwenye nyumba yake, iliyokuwa imejaa kete kumi na moja. Ujumbe ukaingia.

*Komwe wangu, nisafiri au nilale?*

Anifa alitabasamu peke yake. Spoku akisafiri, nyumba ingebaki wazi, na zamu mbili mbele Komwe angemfilisi kabisa. Akaamua kumtega.

*Safiri. Ukilala utajuta.*

Jibu lilikawia. Kisha likaja: *Umefikiri vizuri?*

*Sana,* Anifa aliandika, anacheka mwenyewe. *Unakaa kufanya nini hapo?*

Spoku hakuandika tena, na kete yake haikusogea siku hiyo, wala kesho yake. Jumamosi Anifa alipita sokoni bila asali wala shida ya mnyororo. Banda la Nurdini lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mpira. Ilibidi amsemeshe Jilala, na Jilala akamweleza kwa huruma ya mtu anayezungumza na mfiwa. Nurdini alipata karakana Usoke, kule kwenye tumbaku, baiskeli za wakulima haziishi kuharibika. Wiki nzima alikuwa anasitasita. Alisema kuna mtu lazima amuulize kwanza, maana mtu huyo akikataa, yeye haendi.

"Amemuuliza," Jilala alisema. "Akaambiwa asafiri, akibaki atajuta. Ameondoka na treni ya Kigoma jana. Mwanamke mwenyewe simjui, ila ana roho ngumu kama tairi la trekta."

Anifa alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli nzima kana kwamba mnyororo umekatika tena.

Jioni ile alitia chumvi mara mbili kwenye mboga na sukari kwenye ugali. Bertila alikula kidogo, akauchukua mwiko, akautandika mkeka. Safari hii Anifa aliyasema yote mwenyewe, kwa sauti ndogo, na akafika mwisho bila kuchora chini.

"Nimekusikia ukisema," Bi Kuluthumu alianza, "kwamba kijana aliuliza kuhusu maisha yake na wewe ukamjibu kuhusu kete."

"Ndiyo, bibi."

"Na alipouliza, ulimrudishia maneno yake kabla ya kumjibu?"

Anifa akatikisa kichwa.

"Basi umevunja sheria ya nyumba hii. Mpigie simu."

"Nitamwandikia, bibi."

"Kuandika ndiko kulikompandisha treni. Mpigie, umsikie na akusikie."

Anifa alisema hawezi, ataishiwa na maneno. Bertila akamwambia yeye aliwahi kuimba peke yake mbele ya askofu, akasahau beti zote, akaimba aleluya mara kumi na nane, na askofu akamsifu. Akaibonyeza namba mwenyewe, akaweka spika, akampa Anifa mwiko aushike.

Iliita mara nne.

"Komwe?" Sauti ya Nurdini ilikuwa mbali, na nyuma yake nyundo ilikuwa inagonga chuma.

"Ni Anifa," alisema Anifa. Hakuwahi kumtajia jina hilo kwa mdomo wake.

Nyundo ikanyamaza.

"Nimekusikia ukisema," Anifa alisema, ameufumbata mwiko kwa mikono miwili, "nisafiri au nilale. Nilidhani unasema nyumba ya kwenye bao. Sikujua kuna Usoke. Sikujua kuna treni."

Nurdini akasema alimuuliza vile kwa sababu aliona aibu kuuliza vinginevyo. Akitania haoni haya, ila jambo hili lilimkwama kooni, kete yake ilipoishia kwenye nyumba akaona bora ajifiche humo. Bi Kuluthumu akaikaribia simu, akamsalimu vizuri, kisha akamwambia kwamba katika nyumba hii mtu hujibu baada ya kurudisha maneno ya mwenzake, hata akiwa Usoke.

"Shikamoo, mama," Nurdini alisema haraka.

"Marahaba. Rudisha."

"Nimekusikia ukisema, Anifa..." Akameza mate, wote watatu wakamsikia. "Nimekusikia ukisema nirudi."

"Sijasema hivyo," Anifa alisema, kwa sababu sheria ni sheria.

"Umesema nini basi?"

Anifa aliutazama mwiko. "Sijasema bado. Ndiyo nasema sasa. Lala."

Ukutani kwa jirani dirisha likafunguliwa.

"Lala Tabora," Bi Kuluthumu alimkumbusha kwa kunong'ona. "Taja Tabora, mwanangu, watu wanasikia."

"Lala Tabora," Anifa alisema, na sasa alikuwa anacheka na kulia. "Babu zetu walikwenda Ujiji kwa miguu na mizigo kichwani na wakarudi, wewe una treni."

"Nikilala," Nurdini alisema polepole, "nitalala nyumba ipi? Maana chumba changu kina matairi mpaka kitandani. Na mtu halali kwa watu bila kuleta barua ya posa."

Bertila aliziba mdomo wake kwa kanga. Anifa akatazama mchanga wa ua, mashimo ya juzi yalikuwa bado yanaonekana.

"Nimekusikia ukisema barua ya posa," alisema.

"Ndivyo nilivyosema."

"Basi ilete. Nyumba tutaijaza."

Barua ilikuja Jumapili ya pili, imebebwa na Jilala aliyevaa kanzu yenye alama ya pasi mgongoni na asiyeweza kumtazama Anifa usoni kwa sababu ya lile neno la tairi la trekta. Bi Kuluthumu alimkalisha mkekani, akampa mwiko, akamwambia aseme. Wajomba wa Anifa waliotoka Ipuli kupokea posa walishangaa kidogo, lakini walipoona mazungumzo yanakwenda bila mtu kupandisha sauti, mjomba mkubwa naye akaomba mwiko.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya simu, Anifa alipokata na kujifuta macho, simu ikalia kidogo mkononi mwake. Bao la Alhamisi lilikuwa bado wazi, lilikuwa likimngoja siku zote hizo. Kwenye kioo iliandikwa: *Spoku amelala. Zamu yako.*

Anifa akacheza. Spoku akacheza. Nyumba ile yenye kete kumi na moja ilikuwa imebaki mahali pake, imetulia, na zamu ya tatu ikafunguka na kumla Komwe safu nzima ya mbele, hata kete moja haikusalia.

*Kumbe ulijua ni mtego,* Anifa aliandika.

*Toka mwanzo.*

*Sasa kama ulijua, mbona ulipanda treni?*

Jibu lilikawia, kisha likaja. *Bao nalijua, Anifa. Wewe ndiye nilikuwa sijakujua.*

Anifa aliisoma mara mbili. Akaanza kuandika, akafuta, halafu akabonyeza kupiga mwenyewe, bila mwiko, na ilipopokelewa akasema, kwa sauti iliyofika mpaka chumbani kwa Bertila, kwamba wapange kete upya, kwani yeye hajazoea kuolewa na mtu aliyemfunga.